Kwa nini benki bado zinaendesha mifumo yake mikuu kwenye meinifremu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mfumo wa benki ukizimika, swali huwa ni lilelile: iweje taasisi yenye fedha zote hizo itegemee kompyuta za enzi za babu? Swali ni la haki, ila limebeba dhana mbili zinazopotosha: kwamba mashine yenyewe imezeeka, na kwamba benki haijahama kwa uvivu tu. Majibu haya ni ya mtu yeyote anayetaka kujua pesa yake inatunzwaje, awe anajua kompyuta au hajui.

Meinifremu ni nini hasa?

Ni kompyuta kubwa iliyoundwa kuhudumia watu wengi mno kwa wakati mmoja, kuandika kumbukumbu zao bila kukosea, na kutozimika. Kwa macho ni kabati la chuma, au makabati kadhaa yaliyosimama pamoja katika kituo cha data. Jina linalotawala soko leo ni IBM, na mashine zake huitwa IBM Z. Unisys bado wapo. Fujitsu wametangaza kwamba wataacha kuuza zao mwaka 2030 na kusitisha huduma mwaka 2035.

Watu huichanganya na superkompyuta. Superkompyuta hupewa hesabu moja nzito sana, kwa mfano utabiri wa hali ya hewa, ikaisukuma mpaka iishe. Meinifremu hupewa vikazi vidogo vidogo mamilioni kwa mamilioni, na kila kimoja kina mwenyewe anayesubiri jibu.

Kwa hiyo ni mashine za miaka ya 1960?

Hapana. IBM walitoa z14 mwaka 2017, z15 mwaka 2019, z16 mwaka 2022 na z17 mwaka 2025. Prosesa za z16 hukimbia kwa kasi ya gigahezi 5.2, na ndani yake mna sehemu ya akili bandia inayoweza kupima kama muamala una dalili za wizi wakati muamala wenyewe bado unaendelea.

Kilicho cha zamani ni programu, na hilo lilikusudiwa. Tarehe 7 Aprili 1964 IBM walitangaza System/360, familia ya kompyuta ndogo hadi kubwa zilizoelewa maagizo yaleyale. Kabla ya hapo, mteja aliyenunua mashine kubwa zaidi mara nyingi alilazimika kuandika upya programu zake zote. Ahadi ya 1964 ilikuwa kwamba adha hiyo imekwisha, na imetunzwa hadi leo. Anwani za memori, yaani namba zinazoonyesha data ilipo, zimepanuka kutoka biti 24 (biti ni tarakimu ya 0 au 1) hadi 31 katika miaka ya 1980, kisha hadi 64 mwaka 2000, na kila mara programu za nyuma ziliachiwa nafasi yao. Programu iliyoandaliwa miaka ya 1970 inaweza kuendeshwa leo bila kuguswa, hata kama aliyeiandika alishastaafu zamani.

Kwa benki, ahadi hiyo ina thamani kuliko kasi. Ukiwekeza kwenye programu ya kukokotoa mikopo, hutaki mwenye kuuza mashine akwambie baada ya miaka kumi kwamba uanze upya.

Mfumo mkuu wa benki unafanya kazi gani?

Unatunza leja. Akaunti, masalio, mikopo, riba, makato na historia ya kila muamala, vyote vimo humo. Programu ya simu, tovuti, ATM na dirisha la keshia ni milango tu. Ukibonyeza kutuma, ombi lako hupita kwenye seva kadhaa za kawaida hadi likafika kwenye mfumo mkuu, na huko ndiko pesa inakohama kweli.

Tuchukue uhamisho mmoja wa 500 kutoka akaunti A kwenda akaunti B, zote za benki moja. Programu inafunga rekodi ya A ili muamala mwingine usiiguse. Inasoma salio, inahakikisha linatosha na kwamba akaunti haijazuiwa. Inafunga rekodi ya B. Kabla mabadiliko hayajakubaliwa, inaandika kwenye logi, yaani daftari la mabadiliko: A ilikuwa na kiasi gani na itabaki na kiasi gani, na B vivyo hivyo. Logi ikishatua salama, muamala unathibitishwa, kufuli zinafunguliwa, na jibu linarudi kwenye simu. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiwaka tena inaanza kwa kusoma logi: uliothibitishwa unakamilishwa, ambao haukuthibitishwa unafutwa kana kwamba haukuwahi kuanza. Hali ya tatu, ya 500 kutoka kwa A bila kufika kwa B, hairuhusiwi kuwepo. Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho, na wakati huohuo maelfu ya wateja wengine wanafanyiwa vivyo hivyo.

Programu zinazosimamia kazi hiyo zina historia ndefu. Mojawapo, IMS, ilizaliwa katika mradi wa Apollo miaka ya 1960, ilipohitajika njia ya kufuatilia vipuri vingi vya roketi na chombo cha kwenda mwezini. Nyingine, CICS, ni ya kipindi hichohicho. Zote mbili bado zinaendelezwa na zinahudumia mabenki.

Usiku kuna kazi ya pili, kufunga siku. Riba inakokotolewa, makato yanakatwa, malipo ya kudumu yanatumwa, faili za kulipana na benki nyingine zinaandaliwa, taarifa za akaunti zinachapwa. Ni foleni ndefu ya kazi zinazotegemeana: hii isipoisha, ile haianzi. Foleni hiyo ndiyo inayowanyima usingizi watu wa zamu, kuliko chochote kinachotokea mchana.

Seva za kawaida haziwezi kufanya hayo?

Zinaweza, na ziko benki zinazozitumia. Tofauti ni kile ambacho kila mashine iliundiwa.

Kazi ya leja haina hesabu nzito. Kujumlisha na kutoa ni jambo dogo kwa kompyuta yoyote. Kinachochosha ni kuchota rekodi diskini na kuzirudisha, usiku na mchana. Kwenye meinifremu, prosesa kuu haihangaiki na uchukuzi huo. Inatoa agizo, kisha cheneli, zenye prosesa zake, zinakwenda kuleta data huku prosesa kuu ikiendelea na muamala wa mtu mwingine. Mpangilio huu umekuwepo tangu System/360. Ndiyo maana mashine hizi huweza kukaa saa nyingi zikitumia zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wake bila kuyumba.

Halafu kuna suala la kujikagua, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndipo wengi wasipopaona. Kompyuta yoyote hukosea mara chache: chembe ya mnururisho inageuza biti, waya unachoka. Kwenye kompyuta ya mezani matokeo yake ni programu kujifunga, au, kibaya zaidi, namba kubadilika kimyakimya bila mtu kujua. Prosesa ya meinifremu ina saketi nyingi ambazo kazi yake ni kutazama kama saketi nyingine zimefanya sawasawa. Kosa likionekana, agizo linarudiwa. Likiendelea, kazi yote inahamishiwa kwenye kiini cha prosesa cha akiba, na programu iliyokuwa ikiendelea haijui kama kumetokea kitu. Memori nayo, tangu mashine ya z196 ya mwaka 2010, imepangwa kwa namna ambayo kipande kizima kinaweza kufa na data ikabaki kamili. Fundi anabadilisha kadi mbovu mashine ikiwa inafanya kazi.

Juu ya hayo, meinifremu kadhaa huunganishwa zikafanya kazi kama moja, hadi mifumo 32, kwa utaratibu unaoitwa Parallel Sysplex ulioanza mwaka 1994. Zote zinaona leja ileile. Ukitaka kusasisha programu unazima mmoja, iliyobaki inabeba mzigo, kisha unaendelea na unaofuata. Watu wa fani huzungumzia upatikanaji wa asilimia 99.999, yaani kuzimika kwa takribani dakika tano tu kwa mwaka mzima.

Kituo cha pili huwekwa mbali na cha kwanza, lakini si mbali mno. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita kama 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 100 za umbali huongeza milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Benki ikitaka kila muamala uandikwe pande zote mbili kabla ya kumjibu mteja, vituo hukaa makumi ya kilomita tu kati yao. Kituo cha tatu, cha mbali zaidi, hupokea nakala inayochelewa kidogo.

Nimesikia kwamba kompyuta za kawaida hukosea senti. Ni kweli?

Ni kweli kwa namba zenye nukta zinapohesabiwa kwa njia ya kawaida. Kompyuta huzihifadhi kwa msingi wa mbili, na kwa msingi huo 0.1 haiandikiki kikamilifu, sawa na theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Jumlisha 0.1 na 0.2 katika lugha nyingi za programu utapata 0.30000000000000004. Kwa mchoro wa kompyuta hilo halina neno. Kwa leja yenye akaunti milioni kumi, mkaguzi atauliza.

Familia ya System/360 ilikuja na maagizo ya prosesa yanayohesabu kwa desimali moja kwa moja. Kiasi cha 12,345.67 kinakaa katika baiti nne: 12 34 56 7C. Kila nusu ya baiti ina tarakimu moja, na C ya mwisho inasema kiasi ni chanya. Kingekuwa hasi, ingekuwa D. Nukta haihifadhiwi, programu inajua ilipo. Mtu wa zamu akifungua faili usiku wa manane kutafuta kosa, anaisoma pesa hiyo kwa macho yake bila kukokotoa chochote.

Seva za kawaida nazo zina njia salama: kuhesabu kwa senti nzima, au kutumia maktaba za desimali. Zinafanya kazi vizuri. Tofauti ni kwamba huko mwandishi wa programu lazima akumbuke kuzitumia kila mahali.

Kwa nini programu hizi zimeandikwa kwa lugha ya COBOL?

Kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya kazi hiihii. Ilibuniwa mwaka 1959 na kamati iliyoungwa mkono na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na mawazo mengi ilirithi kutoka FLOW-MATIC, lugha ya mwanasayansi wa kompyuta Grace Hopper. Katika COBOL unatangaza sehemu ya pesa kwa kueleza umbo lake: PIC S9(9)V99 COMP-3 maana yake ni namba yenye alama ya chanya au hasi, tarakimu tisa kabla ya nukta na mbili baada yake, ihifadhiwe kwa mtindo ule wa nusu baiti. Inachukua baiti sita.

Wengi hulalamika kwamba ina maneno mengi. Mimi naiona hiyo ni fadhila, kwa sababu anayesoma sheria ya riba iliyoandikwa miaka thelathini iliyopita anashukuru kila neno lililomsaidia. Kasoro kubwa iko kwingine: programu za zamani zenye maelfu ya mistari, ambamo kila sehemu inaweza kubadilisha kila data, na mtiririko unaruka huku na huko. Humo hata mzoefu hupotea.

Je, benki zote zinatumia meinifremu?

La. Ni desturi hasa ya benki kubwa zilizoanza kutumia kompyuta miaka ya 1960 na 1970. Benki nyingi ndogo, na zilizoingia kwenye kompyuta baadaye, zilinunua vifurushi vya programu kama Finacle, Flexcube au Temenos vinavyoendeshwa kwenye seva za Unix au Linux. Benki za kidijitali kama Monzo ya Uingereza na Nubank ya Brazili zilijengwa moja kwa moja kwenye huduma za wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia mtandao. Hizo hazikuwa na cha kuhamisha.

Kama inawezekana, kwa nini zilizobaki hazihami?

Kwa sababu hakuna mtu mwenye orodha kamili ya mambo ambayo mfumo wa sasa unafanya.

Chukua riba ya mkopo peke yake. Mwaka unahesabiwa siku 360 au 365? Februari ya mwaka mrefu inakuwaje? Senti inayobaki baada ya kugawanya awamu inaongezwa kwenye awamu ya kwanza au ya mwisho? Mteja aliyefungua akaunti kabla ya benki mbili kuungana anafuata masharti ya benki ipi? Kila jibu liliandikwa na mtu fulani kwa sababu fulani, mara nyingi baada ya sheria mpya au kesi ya mteja, likaingia kwenye programu, na waraka ulioeleza sababu ukapotea. Leo programu ndiyo waraka. Anayetaka kuhama hana budi kwanza kuchimbua maarifa hayo yote, kisha ayathibitishe, na kwa maoni yangu hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika jambo hili. Mashine yenyewe inanunulika.

Halafu leja haisimami ikakungoja. Inabidi uhame huku wateja wakiendelea kulipa na kulipwa.

Tunajua gharama ya kukosea. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake kutoka mfumo iliokuwa ikikodi kwa benki ya Lloyds kwenda jukwaa jipya la mmiliki wake wa wakati huo, benki ya Sabadell. Data ilihama salama, lakini jukwaa lenyewe lilielemewa mara moja. Wateja walishindwa kuingia kwenye akaunti zao, na hali haikurejea kuwa ya kawaida kabisa mpaka Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Ule haukuwa ugonjwa wa meinifremu. Ulikuwa ugonjwa wa kuhama kwa mkupuo kabla majaribio hayajatosha.

Waliofanikiwa wapo pia. Commonwealth Bank ya Australia ilianza mwaka 2008 kubadilisha mfumo wake mkuu, ikaifanya kazi hiyo kwa takribani miaka mitano na kutumia zaidi ya dola bilioni moja za nchi hiyo. Wakurugenzi wakiona muda huo na kiasi hicho, wengi huchagua njia ya polepole: kutoa kipande kimoja, labda kadi au amana za muda maalumu, kukiendesha sambamba na cha zamani, kulinganisha matokeo hadi senti ya mwisho, ndipo wazime cha zamani. Naiunga mkono njia hiyo, mradi kweli waizime. Benki inayobaki na mifumo miwili nusunusu imejiongezea mzigo.

Si kuna zana za kutafsiri COBOL kuwa lugha mpya zaidi, Java?

Zipo, na zinatafsiri. Ila tafsiri ya mstari kwa mstari hutoa Java yenye mwenendo wa COBOL, ambayo mwandishi wa Java haielewi na mwandishi wa COBOL haitambui. Wenye kazi wameipa jina, JOBOL. Zana mpya za akili bandia zinasaidia zaidi katika kusoma: unaipa programu ya zamani, inakueleza kwa maneno ya kawaida inafanya nini. Msaada huo ni wa kweli. Bado lazima mtu anayeijua biashara akae chini ahakiki, kwa kuwa maelezo yenye mantiki nzuri yanaweza kuwa na kosa kwenye siku ile moja ya Februari.

Kwa hiyo meinifremu haianguki kamwe?

Inaangushwa na watu, kama mashine nyingine zote. Juni 2012 kundi la benki la RBS nchini Uingereza lilisasisha programu inayopanga foleni ya kazi za usiku. Likatokea tatizo, wakaamua kurudisha toleo la awali, na marejesho hayo ndiyo yaliyovuruga foleni. Zaidi ya wateja milioni 6.5 waliathirika, wengine waliona masalio yasiyo sahihi, wengine malipo yao hayakupita. Mashine ilikuwa nzima muda wote. Novemba 2014 kundi hilo lilitozwa faini ya jumla ya pauni milioni 56.

Na usalama?

Ni mzuri ukisimamiwa. Funguo za siri hukaa kwenye kadi maalumu inayozifuta yenyewe ikihisi kuchokolewa, na tangu z14 ya 2017 data yote inaweza kusimbwa (kufichwa kwa msimbo wa siri) bila kubadilisha programu. Lakini tusijidanganye: mwaka 2012 ilibainika kwamba meinifremu za kampuni ya Logica nchini Uswidi zilikuwa zimevamiwa. Mashine ambayo watu wachache wanaielewa pia ina wachache wa kuikagua.

Mbona wakati mwingine salio kwenye simu halilingani na nililolitarajia?

Sababu mojawapo ni gharama. Programu nyingi za meinifremu hulipiwa kulingana na uwezo unaotumika. Kwa muda mrefu kipimo kikuu kimekuwa wastani wa saa nne zenye shughuli nyingi zaidi. Kila unapofungua simu kutazama salio, kuna mahali matumizi yanaongezeka. Kwa hiyo benki nyingi huweka nakala ya data kwenye seva za kawaida, na maswali ya kutazama tu hujibiwa huko. Nakala hiyo inaweza kuchelewa. Aidha, muamala wa kadi huzuia pesa kwanza na kuingizwa kwenye leja baadaye, pengine wakati wa kufunga siku, ndiyo maana kuna salio la leja na salio linaloweza kutumika.

Wataalamu wakistaafu itakuwaje? Na mimi nikitaka kujifunza nianzie wapi?

Hofu hiyo ni ya kweli, na benki nyingi zimejitakia: kwa miaka mingi hazikuajiri vijana katika idara hizi wala kuwapa wazee muda wa kurithisha wanachokijua. Kujifunza COBOL kunachukua wiki chache kwa anayejua lugha nyingine. Kujua kwa nini kazi fulani ya usiku haipaswi kuanza kabla ya nyingine kunachukua miaka, na hufundishwa na mtu aliyekaa zamu.

Ukitaka kuanza, GnuCOBOL ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. IBM wana jukwaa la mafunzo linaloitwa Z Xplore, ambapo unapewa nafasi kwenye meinifremu halisi bila malipo. Open Mainframe Project, iliyo chini ya Linux Foundation, ina kozi ya COBOL iliyo wazi kwa wote. Andika programu inayosoma faili la akaunti chache, inaongeza riba, na kuandika faili jipya. Kisha izime kwa makusudi ikiwa katikati, na ujaribu kuiendeleza bila kumpa mtu yeyote riba mara mbili. Sehemu hiyo ya pili ndiyo itakayokula muda wako mwingi.